Kumtafutia Farasi Mwenyeji

Mtaalamu wa viungo kule Mwanza aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyetulia na chai yake, "Mama, usikubali shamba la kwanza utakaloliona. Tembelea kadhaa, linganisha, kisha uchague lililo bora." Nilimshukuru, nikakata simu, nikabaki nacheka peke yangu kwa hasira. Nichague kati ya yapi? Katika wilaya nzima ya Ngara hapakuwa na shamba la farasi hata moja. Palikuwa na farasi mmoja, basi, naye alikuwa wa kwetu.

Nieleze tulivyofika hapo, maana mpaka leo kuna watu mjini wanaodhani nilichanganyikiwa.

Binti yangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili anayo, tena ya kunishinda mimi mwalimu wa shule ya msingi. Miguu na mgongo ndivyo visivyomtii, na maneno humtoka polepole, moja baada ya jingine, hivi kwamba watu wengi huchoka kusubiri wakaanza kuongea na mimi. Alikuwa amefika darasa la tatu bila kuweza kukaa pasipo kuegemezwa. Ndipo mzungu mmoja mzee, mtaalamu wa kahawa aliyestaafu akakataa kurudi kwao, alipomwona kanisani akatuambia twende shambani kwake mlimani. Huko alikuwa na farasi jike, mzee kama yeye mwenyewe, aliyeletwa kwa lori kutoka Arusha. Akampandisha mtoto. Yeye alishika kamba, mimi nikamshika mtoto kiuno huku nikisali kimoyomoyo.

Tulikwenda kila Jumamosi, mwaka mzima na ushee. Siku moja nilikuwa natwanga karanga, nikageuka, nikamwona amekaa mkekani peke yake, hajaegemea kitu, anamenya ndizi. Nililia mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Kisha macho ya yule mzee yakaharibika, watoto wake wakamwita kwao. Shamba akaliuza kwa mfanyabiashara wa parachichi. Farasi, pamoja na tandiko lake, akampa binti yangu. Hakunipa mimi. Alimshikisha mtoto kamba mbele ya majirani akamwambia, "Kuanzia leo huyu ni wako, na wewe ndiye wa kusema aende wapi." Nami alinivuta pembeni akaniambia vya kuangalia: maji safi, banda lisilotuama mkojo, malisho mapana, kwato zisafishwe kila siku, pasiwe na mbung'o hata wa dawa, na mtu wa kumtunza awe asiyepiga kelele. Nikaitikia kama niliyetumwa chumvi dukani.

Mwenye parachichi alisema miche yake inafika mvua zikianza, na farasi akiila asilaumiwe mtu. Mtaalamu wa Mwanza naye akasema mtoto akikaa muda mrefu bila kupanda, mgongo utarudi ulikotoka. Basi nikawa nahitaji mahali pamoja ambapo farasi atalala na mtoto atafundishwa, na nilihitaji kabla ya mvua. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni ya kuvuka mpaka wa Rusumo, kwa hiyo mchango wake wote aliutoa kwa simu. "Umeangalia paa?" aliniuliza kila jioni. Paa la nini, mwanaume? Hata shamba sijalipata!

Tulianzia Kanazi, kwa mstaafu mmoja aliyerudi kutoka Dodoma na hela nyingi na maneno mengi zaidi. Sitamsema vibaya kwa upande wa usafi. Banda lake lilikuwa na sakafu ya saruji, bomba la maji lilifika hadi mlangoni, na ng'ombe wake wa kisasa walikuwa safi kuliko wanafunzi wangu wa Jumatatu. Alitupa soda. Nilipomwonyesha picha ya farasi kwenye simu, aliitazama muda mrefu akitikisa kichwa kwa furaha.

"Huyu ni wa harusi," akasema.

"Ni wa mtoto," nikasema.

"Sawa, lakini hebu fikiria bibi harusi anaingia ukumbini juu ya farasi. Nani hapa Ngara ameshawahi kuona? Tutakodisha mpaka Kibondo."

Nikamrudisha kwenye mada. Nani atamfundisha mtoto kupanda? Hilo akalijibu bila kufikiri. Akamwita mpwa wake, baba mzima mwenye familia, mwendesha bodaboda. Kwa maelezo ya mjomba, mtu anayeweza kupandisha pikipiki yenye magunia ya maharage kwenye mlima wa matope hawezi kushindwa na mnyama. Mpwa akaniuliza, kwa umakini kabisa, farasi anafungwa breki vipi kwenye mteremko, na akizimika njiani inakuwaje. Binti yangu alicheka mpaka akateleza kwenye kiti nikamdaka. Mimi sikucheka. Niliaga na soda yangu haijafika nusu, na mstaafu akanisindikiza hadi barabarani akiendelea kupanga harusi.

Bukiriro tulikwenda kwa mjane mmoja ambaye familia yake ilikimbia kutoka Burundi zamani, wakapewa ardhi, wakalima mpaka wakawa wenyeji. Huyo mama ana roho nzuri mpaka inachosha. Kabla sijakaa alikuwa ameshamwombea mtoto, ameshamwombea farasi, ameshaniombea na mimi nipunguze hasira. Lakini shamba lake limeegama kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa kujifikiria, migomba imebanana, na malisho yenyewe ni kipande cha kuanikia maharage. Nikauliza farasi atakula nini.

"Machicha," akasema. "Ya pombe ya ndizi. Ng'ombe wangu wanayapenda, wakila wanarara vizuri sana."

"Dada, farasi akila machicha tumbo litamjaa gesi, atakufa."

"Tutamuombea."

Nikamwambia maombi nayapokea yote, ila hayawezi kushika nafasi ya majani. Jumapili iliyofuata habari zilikuwa zimenitangulia kanisani. Mwalimu anachagua mashamba! Mama mmoja wa kwaya akanitupia methali bila hata kunitazama usoni: mchagua jembe si mkulima. Nilitaka kumjibu kwamba mimi kweli si mkulima, natafuta mahali pa farasi, lakini Injili ilikuwa imeanza kusomwa.

Ndipo rafiki wa mume wangu akatuchukua hadi Biharamulo, kwa Msukuma mmoja mwenye ng'ombe wengi kwenye tambarare. Hapa ndipo nilipoona mwalimu. Kwa yule bwana punda ni kama baiskeli, watoto wake huwapanda bila tandiko kwenda kisimani. Alimtazama binti yangu mara moja tu, akaleta punda mpole, akakunja gunia juu ya mgongo wake, akamweka mtoto. Nilipokimbilia kumshika kiuno akaniondoa mkono.

"Ukimshika, mgongo wake haufanyi kazi," akasema. "Binti, tazama kule mbele. Masikio ya punda hayana habari yoyote."

Mtoto akaenda hadi kwenye miiba ya zizi na kurudi. Aliyumba, akajirekebisha mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kuhesabu baraka zangu pale niliposikia kitu kama sindano ya moto kimepenya gauni langu begani. Nikakipiga, kikaanguka, kikaruka tena. Mbung'o. Msitu wa hifadhi ulikuwa unaonekana ng'ambo ya mbuga, na mbung'o hawajui mpaka.

Yule bwana hakunificha. "Ng'ombe tunawachoma dawa, wengine wanapona. Punda ni wagumu. Farasi sijawahi kufuga, siwezi kukudanganya." 

"Hapa," akasema binti yangu. Akapumzika. "Mama. Hapa."

Nikasema hapana. Nikamweleza kwamba farasi atakonda na kufa, na yeye akawa ananitazama tu kama wanafunzi wanavyonitazama ninapoeleza kwa nini hakuna mapumziko. Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Mtu mwingine asingeona tofauti, kwa kuwa yeye ni mtoto wa maneno machache, lakini mimi namjua anapokuwa kimya na anapokuwa amenuna. Moyo uliniuma, na kwa kuwa ulikuwa unaniuma nikawagombeza wote waliokuwamo garini.

Mwalimu mkuu wangu ndiye aliyenitajia mzee wa Ntobeye. Ukoo wa Wakatoliki wa siku nyingi, kilima chao kina malisho, chemchemi haikauki, mbung'o hawajulikani. Nikaenda siku hiyohiyo. Nilimkuta anasuka kamba kivulini mwa nyumba, nikamwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza marahaba nikawa nimeshaanza, "Mzee, nina farasi natafuta—"

"Umekula?" akaniuliza.

Nilikula. Tukaongea mvua, tukaongea ugonjwa wa migomba, tukaongea padri mpya na mahubiri yake marefu. Kila nikitaja farasi, mzee anaita mkewe aongeze maharage. Nikaondoka jua linazama nikiwa nimeshiba na sijapata jibu lolote. Nilimrudia mwalimu mkuu nikiwa nafura. Akanitazama kwa huruma.

"Ulikwenda mikono mitupu? Na ukajisemea mwenyewe?" akauliza. "Wewe ni mwenyeji wa wapi?"

Mimi ni wa Ngara, ila nimelelewa mjini, na mjini ukitaka kitu unakitaja. Safari ya pili tulikwenda na mtoto na dumu la pombe ya ndizi, mwalimu mkuu akawa msemaji. Alizunguka kilima chote kwa maneno kabla hajafika kwenye farasi na mtoto anayempanda. Alipofika, mzee akaweka mrija chini akaanza kuuliza maswali ya maana, anakula nini, anaogopa nini, kwato zikoje, mwenyewe hasa ni nani. Hilo la mwisho nikalijibu mimi haraka, nikasema ni wa mtoto huyu, alipewa.

Kwetu kuna jambo linaitwa kuragiza. Mwenye ng'ombe asiye na malisho humkabidhi ng'ombe wake kwa mwenye malisho. Mlezi hunywa maziwa, samadi huipeleka kwenye migomba yake, lakini ng'ombe na ndama hubaki wa mwenyewe. Farasi wetu hakamuliwi na hazai tena, kwa hiyo nilijiandaa kwa mabishano. Hayakutokea. Mzee alisema samadi inamtosha. "Nitamlea kama mnyama wa watu," akasema, na wote wakaitikia kwa heshima, nami nikaitikia, nikidhani ni maneno ya adabu tu.

Haki ya Mungu, sijaona mnyama aliyetunzwa namna ile. Banda lilifagiliwa asubuhi na jioni. Jioni waliwasha moto wa moshi kumfukuzia nzi. Mzee alimsugua manyoya kwa gunzi la mahindi mpaka akang'aa, akamsafisha kwato kwa kijiti, akamkatia majani laini ya bondeni. Farasi aliyekuwa amebonyea mbavu akanenepa, akapendeza, akaanza hata kuringa. Nilimwambia mume wangu kwenye simu kwamba tumepata. Akauliza kuhusu paa. Nikamwambia la bati, tena jipya.

Jumamosi ya kwanza tulifika na mtoto amevaa suruali yake ya kupandia. Mzee akasema mnyama bado mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tumwache azoee. Nikaona ni busara. Jumamosi iliyofuata farasi alikuwa ametoka kula. Iliyofuata alikuwa amelala. Nilimwona mwenyewe kwa macho yangu, amesimama, macho makavu, anatafuna.

"Amelala, mzee? Mbona amesimama?"

"Ndivyo wanavyorara," akasema, na mkewe akatoka na sinia la ndizi na maharage.

Ikaja Jumamosi ya mvua, njia inateleza. Ikaja Jumamosi ya jua, jua ni kali. Kila mara tunakaribishwa kama wakwe, tunalishwa, mtoto anamshika farasi pua, tunarudi nyumbani. Mimi nilinenepa pamoja na farasi. Na mtoto je? Jioni moja nilimkuta ameegemea ukuta tena, shingo imelala upande, na nilipomwuliza kama amechoka akasema, "Mgongo. Umesahau." Usiku ule sikupata usingizi kwa hasira. Nilikuwa nimetembea wilaya mbili, nimemvunja moyo kwa Msukuma aliyejua kazi, nimempata mlezi ambaye hana kasoro yoyote, na bado mtoto wangu anarudi kuwa gunia.

Jumamosi iliyofuata niliingia kwa mzee nikiwa nimeshachemka. Farasi ni msafi, mbingu ni nyeupe, ardhi ni kavu, saa za kula bado. Nikamwuliza tandiko liko wapi. Mzee akaanza kuita mkewe. Sikungoja. Niliingia sebuleni mwenyewe, jambo ambalo halifanywi, nikalikuta. Lilikuwa limetundikwa ukutani chini ya picha ya Bikira Maria, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, na kando yake wameweka maua ya plastiki.

Nikatoka nje nikapiga kelele. Wanawe walikuwapo, wake zao, majirani waliokuja kukamua. Nikasema sikumleta farasi aje kuwa mtakatifu. Nikasema mtoto anaharibika mgongo huku mnyama anasuguliwa kwa gunzi. Nikasema kama wanamwogopa farasi wangesema tangu siku ya kwanza badala ya kunijaza maharage. Binti yangu alikuwa kwenye mkeka aliotandikiwa, ananitazama. Hakuna aliyenikatisha. Nilipoishiwa pumzi, mzee akavua kofia, akaikunja.

"Mwalimu, mnyama wa watu habebi," akasema. "Umeniragiza. Ng'ombe wa watu nikimfunga jembe, au nikimtwika mzigo, nitapita wapi kesho? Baba yangu alilea ng'ombe wa watu mpaka anaingia kaburini, na hata fimbo hakuwagusa."

"Lakini ni mimi ninayekwambia apandwe! Mimi mwenyewe!"

"Wenye ng'ombe wote husema hivyo. Mtumie tu, mzee, mtumie tu. Wanakupima. Mlezi mjinga anamtumia, na msimu ukiisha wanamchukua ng'ombe wao na jina lako wanaliacha barabarani." Akanitazama kwa masikitiko ya kweli. "Na tena, mwalimu, usinikasirikie, wewe si mwenyewe. Ulisema ni wa mtoto."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Nikasema basi, imetosha, kesho namhamishia Biharamulo kwa watu wanaojua kazi ya mgongo wa mnyama. Nilisema hivyo nikijua kabisa kwamba mbung'o watammaliza, na mtoto alijua, maana nilikuwa nimemweleza mwenyewe.

Mkewe mzee ndiye aliyeongea, akiwa amesimama mlangoni na sinia ambalo hakuna aliyelitaka. "Angekuwa wa huyu mzee, si angempandisha amtakaye?"

Mzee alitazama chini, kama mtu aliyetajiwa kitu ambacho yeye mwenyewe asingethubutu kukitaja. Nami taratibu nikaelewa, na nilipoelewa hasira ikarudi maradufu. Mbali na kuragiza, kuna kumgabia mtu ng'ombe, yaani kumpa moja kwa moja, awe wake. Aliyepewa hawi mgeni kwako tena maisha yake yote. Atakuja kwenye misiba yako na harusi zako, atakutaja kwa heshima akiapa. Lakini ng'ombe ni wake. Kwa hiyo mtoto wangu, ili ampande farasi wake, ilimpasa kwanza asiwe wake.

"Haiwezekani," nikasema. "Huyu mtoto hana kitu kingine duniani kilicho chake. Watu wanamnunulia, wanamvalisha, wanambeba, wanamsemea. Farasi ndiye kitu pekee ambacho—"

"Babu," akasema binti yangu.

Mzee akamgeukia. Mtoto akafungua mdomo, na kama kawaida yake neno likakwama njiani. Nikalidaka haraka. "Anataka kusema kwamba—"

"Mwalimu, nyamaza," mzee akasema, wala hakuinua sauti. "Mwenye mnyama anasema."

Nikanyamaza. Sikumbuki mara ya mwisho mtu mzima kuniambia ninyamaze. Wanawe wakachuchumaa. Mkewe akaweka sinia chini. Mtu aliyekuwa anakamua aliacha kukamua. Binti yangu alihangaika na lile neno la kwanza muda mrefu hivi kwamba mwili wangu wote ulikuwa unawasha kwa hamu ya kumsaidia, na hakuna hata mmoja aliyetazama pembeni, hakuna aliyekohoa, hakuna aliyemmalizia. Katika maisha yake yote hakuwahi kusubiriwa na watu wengi namna ile.

"Farasi," akasema. Kisha, "nimekupa." Akavuta pumzi, akameza mate, akapambana tena. "Sasa. Nipandishe."

Mzee akapiga magoti. Magoti yake ni mabovu, niliyasikia. Akapiga makofi polepole mbele ya mtoto, kama mtu anavyomshukuru aliyemgabia, akasema, "Umenipa. Umenipa. Mungu akupe," na wanawe wote wakapiga makofi nyuma yake. Mimi nilisimama pale na kelele zangu, sijui nizipeleke wapi. Nililia, bila shaka. Lakini nilikuwa nimekasirika bado, na nasema hivyo ili nieleweke: mtu anaweza kulia na huku bado anaona amedhulumiwa.

Kisha mambo yakaenda haraka kwa namna iliyonishangaza. Mzee huyuhuyu wa "amelala" na "ametoka kula" aliingia ndani akatoka na tandiko, akalipuliza vumbi, akalibwaga mgongoni mwa farasi kama mtu anayetandika kitanda chake. Alilitandika kinyumenyume. Binti yangu akaanza kumwambia, mzee akasimama akasubiri mpaka maelekezo yaishe, akaligeuza. Mkanda wa tumbo nao alielekezwa. Wanawe wawili wakamnyanyua mtoto wakamkalisha. Nikakimbilia kiuno chake kwa mazoea ya miaka mingi.

"Acha," mzee akasema. "Farasi ni wangu. Nitamwangalia mimi mgeni wangu."

Akashika kamba, wakaondoka. Walipita zizi, wakaingia njia inayozunguka migomba, mzee mbele akitembea taratibu, kichwa cha mtoto kikionekana juu ya majani kisha hakionekani. Simu yangu ikalia. Alikuwa mume wangu, yuko foleni ya mpakani.

"Vipi huko? Farasi wetu hajambo?"

"Hatuna farasi," nikamwambia.

"Amekufa?"

"Hapana."

"Ameibiwa? Mbona hueleweki? Na mtoto yuko wapi?"

"Yuko juu yake."

Akaanza kuuliza mengine, nikakata, kwa sababu walikuwa wanatokea upande wa pili wa migomba. Mzee alikuwa ameilegeza kamba, ameishika kwa kidole kimoja tu. Binti yangu alikuwa anayumba, anajirudisha, anayumba, anajirudisha. Walinipita karibu kabisa, naye amekaa wima, wala hakunitazama.